Mandari ya Idd: Nani Amemshika Mtoto Mkono?

(Nasaha iliyotolewa mbele ya vijana wa kiume na wa kike baada ya tarawehe, mjini Machakos)

  

Nilipoombwa nizungumze usiku huu nilidhani nitapewa mada ya Laylatul Qadr, ama zaka ya fitri. Amiri wetu akaniambia, "Hayo mashekhe wameshayamaliza. Wewe tuzungumzie Idd. Tukitoka kwenye swala, vijana wanaenda wapi?" Nikacheka. Nilicheka kwa sababu anajua mimi nilikuwa naenda wapi.

Ndugu zangu, tusidanganyane humu ndani ya msikiti. Swala ya Idd ikiisha tunakumbatiana, tunapiga picha na kanzu mpya, tunapita nyumbani dakika kumi tunakula pilau tukiwa tumesimama, halafu tunaingia kwenye matatu ya Nairobi. Ni kilomita sitini na kitu tu. Mchana kutwa tunazunguka madukani Eastleigh, na jioni tunarudi tumechoka, mfukoni hakuna kitu. Na nyumbani je? Mama ameamka saa tisa za usiku kupika. Tulipotoka alikuwa jikoni, na tuliporudi alikuwa anasugua sufuria. Mimi nimefanya hivyo Idd nne mfululizo tangu nimalize sekondari, na hakuna hata moja niliyoona kuwa nimekosea.

Sasa jambo lililonifungua macho ni dogo sana. Kutoka kwetu hadi ile Bustani ya Watu, People's Park, ni mwendo wa miguu. Ile bustani ilijengwa kandokando ya bwawa la Maruba, karibu na uwanja wa Kenyatta, na ilianza mwaka 2013 wakati Alfred Mutua alikuwa gavana wetu wa kwanza. Watu wanatoka Nairobi kuja kuiona. Kuna nyasi, kuna miti, kuna maji mbele yako, na ukiinua macho unaona vilima. Siku moja mwaka jana, ndani ya Ramadhan, nikamuuliza Mama kama anapapenda pale. Akasema, "Mimi napajua kwa nje. Napita nikienda sokoni." Miaka yote hiyo! Anakunywa maji ya Maruba, maana bwawa lile ndilo linalotegemewa kwa maji ya mji wetu, lakini hajawahi kukaa ukingoni mwake hata nusu saa.

Nikasema Idd hii tutaenda sote. Pwani wanaita mandari, sisi huku tumezoea kusema pikiniki. Jina si hoja.

Kabla sijaeleza ilikuwaje, nijibu kwanza maneno ya Baba, kwa sababu najua wazee wengi wanayo. Alisema bustani ile ni ya walevi. Hakubuni. Mwaka 2014 mashindano ya raga ya Masaku Sevens yalijaza mji huu, na picha za vijana waliolewa zilisambaa nchi nzima mpaka jina la Machakos likawa mzaha. Wazee hawakusahau. Mimi nikamwambia kwa adabu, "Baba, nyasi hazikunywa pombe." (Alinitazama vibaya, msijaribu maneno hayo nyumbani.) Lakini hoja ipo. Mahali hapageuki haramu kwa sababu ya watu waliofika pale wikendi moja. Kazi yetu ni kuchagua siku, kuchagua saa na kuchagua kona. Pembeni na muziki, karibu na choo cha kina mama, mahali ambapo dada zetu wanaweza kukaa bila kukodolewa macho.

Na tusije tukadhani kufurahi na familia siku ya Idd ni jambo la kuigwa kwa watu wengine. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza. Hakuwaambia wasifurahi. Aliwajulisha kuwa Allah amewabadilishia kwa siku mbili bora kuliko hizo, Idd ya kufungua na Idd ya kuchinja. Hadithi hiyo imepokewa na Abu Dawud kutoka kwa Anas (R.A.). Na siku moja ya Idd Wahabeshi walikuwa wakicheza na mikuki yao msikitini, na Mtume (S.A.W.) akasimama kumkinga Bi Aisha (R.A.) ili atazame, wala hakuondoka mpaka Bi Aisha mwenyewe alipotosheka. Hii iko kwa Bukhari na Muslim. Hebu ifikirieni hiyo hadithi polepole. Kiongozi wa umma, siku ya sikukuu, amesimama kwa miguu yake mke wake atazame mchezo, na anayeamua wakati wa kuondoka ni mke. Sisi tunaamua wakati wa matatu kuondoka. Tena Bi Ummu Atiyya (R.A.) amesimulia kwamba wanawake waliamrishwa watolewe waende kwenye uwanja wa Idd, hata wasichana wa ndani, hata aliye katika siku zake ambaye haswali. Kwa hiyo hii sikukuu ilikuwa ya kina mama tangu mwanzo. Nani amewarudisha jikoni?

Haya, sasa niwaeleze ya mwaka jana.

Tulienda watu kumi na mmoja. Mama, Baba, Susu wetu (sisi kwetu nyanya tunamwita Susu, kama Wakamba wengine), shangazi na watoto wake, mimi na ndugu zangu. Mpango haukuwepo. Mpango wetu ulikuwa neno moja: "Twendeni." Mama akabeba jiko zima la kwake. Sufuria ya pilau, sufuria ya kachumbari, chapati, chupa mbili za chai, sahani za udongo zile za wageni! Wanaume tulibeba mpira. Tulipofika, Mama alitandika leso, akapakua chakula, akaosha mikono ya watoto, akapakua tena, akakusanya sahani. Nilimwona kwa mbali ameyapa mgongo maji. Nikasema moyoni, kumbe tumehamisha jikoni tu, tumelileta mahali penye upepo.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili ndilo linalonifanya nisimame hapa.

Kuna mdogo wangu wa mwisho, ana miaka mitano wakati huo. Mtoto wa kimya, si mtundu. Kama saa nane hivi Mama akauliza, "Yuko wapi?" Mimi nilikuwa kwenye mpira, nikajua yuko na Mama. Mama alijua yuko na mimi. Baba, ambaye alikuwa amelala kidogo, alijua yuko na watoto wa shangazi kwenye bembea. Shangazi alijua amelala ubavuni mwa Susu. Watu wazima sita, na kila mmoja ana jibu, na majibu yote ni ya uongo.

Tulikimbia. Wallahi sikumbuki nilivyovuka zile nyasi. Mtu mmoja, mgeni kabisa kwetu, si Mwislamu, alikuwa amesimama ukingoni na familia yake, na alikuwa amemshika mtoto mkono. Akasema alimkuta amechuchumaa karibu na maji, ameshavua viatu na kuvipanga vizuri vile tunavyovipanga mlangoni mwa msikiti. Alitaka kutawadha. Alikuwa amesikia adhana ya adhuhuri kutoka kwenye simu ya Baba muda mfupi nyuma, na sisi tuliosikia hiyo adhana tulisema tumalize kwanza kula.

Hakuna aliyemlaumu mwenzake pale. Na bustani haina kosa, maji yako pale pale yalipo. Kosa ni letu. Mama alimchukua, akakaa chini kwenye nyasi na buibui lake la Idd, na hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Usiku huo sikulala. Nikafungua msahafu, na nikajikuta kwenye Surat Yusuf, sura ambayo nimeihifadhi madrasa tangu nina miaka kumi na moja. Ndugu zangu, mandari imo ndani ya Qur'ani! Nduguze Yusuf walimwendea baba yao wakamtaka amruhusu kijana atoke nao kesho akale na kucheza, na wakaahidi kumlinda. Nabii Yaqub (A.S.) hakuogopa mchezo. Wanazuoni wanaitumia aya hii kuonyesha kuwa mchezo wa halali unakubalika. Alichokiogopa ni mbwa mwitu kumla wao wakiwa wameghafilika. Na wao wakajibu vipi? Kwamba haiwezekani, na wao ni kundi lenye nguvu. Kundi! Miaka yote nilisoma hapo nikiwaona wale ndugu ni watu wabaya, waliokwisha kupanga njama, mbali kabisa na mimi. Na kweli njama ilikuwepo, sisi hatukuwa nayo. Lakini lile jibu lao ni letu. Tuko wengi, kitatokea nini? Sasa najua kuwa wingi wenyewe ndio unaoleta ghafla. Ukiwa peke yako na mtoto, unamtazama. Mkiwa kumi na mmoja, kila mmoja anamtazamia kwa macho ya mwenzake.

Na maji ya bwawa si kama maji ya ufukweni. Wale waliofika Mombasa wanajua kuwa bahari ikitoka, mtoto anaweza kutembea mbali maji yakiwa magotini. Bwawa limechimbwa na kuzuiwa, ukingo wake ni tope linaloteleza, na hatua moja inaweza kuwa ya kifundo na ya pili ikawa ya kichwa. Halafu tuache kuamini zile filamu. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa sababu pumzi ya kupigia kelele hana. Anazama kimya, watu wako mita tano wanakunywa soda. Sisi watu wa Ukambani tunalilia ukame kila mwaka, kwa hiyo tunadhani maji ni neema tu. Lakini Desemba 2021 pale mto Enziu, Mwingi, basi lililobeba watu waliokuwa wanakwenda harusini lilisombwa na mafuriko, na zaidi ya watu 30 wakafa. Walikuwa wanaenda kwenye furaha, kama sisi.

Basi mwaka huu tumekaa chini kupanga. Na tumepanga kwa shura, si Baba peke yake na si mimi niliyesoma chuo kikuu. Katika Surat Baqara, Allah (S.W.) anapotaja kumwachisha mtoto ziwa, anataja kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili. Jambo la maziwa ya mtoto lina mashauriano! Kwa nini siku ya watu kumi na mmoja isiwe nayo?

Tulikaa Ijumaa baada ya futari. Niliingia kwenye kikao nikiwa na jibu tayari: twende Idd mosi. Kikao kikanivunja. Shangazi akasema Idd mosi wageni wanakuja, na mjini kila mtu yuko bustanini kwa sababu serikali huifanya Idd-ul-Fitr kuwa siku ya mapumziko kwa wote. Basi Idd pili. Hapo Susu, aliyekuwa kimya na tasbihi yake, akauliza, "Na mimi mnanibeba nikatazame mkila?" Tukashangaa. Kumbe yeye huanza sita zake za Shawwal Idd pili kila mwaka, na mwaka jana angekuja na sisi siku ya pili angekuwa amefunga. Miaka ishirini na zaidi naishi naye nyumba moja, sikujua. Tulikuwa tunamwona hali mchana tunadhani ni uzee. Mwenyewe akakata shauri: atafunga kuanzia Idd tatu, kwa kuwa Shawwal ina nafasi. Wenzetu wa Mombasa na Unguja hawana shida hii ya kubanana siku moja. Kule sikukuu inaendelea kwa siku kadhaa, watoto Mombasa wanaenda Makadara na Unguja wanaenda Mnazi Mmoja, jioni baada ya jioni. Sisi wa bara tumeifanya Idd kama mtihani wa saa tatu.

Chakula. Pilau ya Idd mosi italiwa Idd mosi. Siku ya mandari hakuna sufuria itakayotoka nyumbani. Chapati zitapikwa usiku na mimi na ndugu yangu wa kiume. Mama ametukataza kugusa samli yake nzuri, na ana haki. Mayai ya kuchemsha, viazi, machungwa, maembe kama yatakuwa bado yako sokoni, chai kwenye chupa, na maji ya kutosha. Kila kitu ndani ya vyondo viwili, na kila chondo kina mwanamume wa kukibeba kwenda na kurudi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, lakini takataka bado zinaachwa kwenye nyasi na watu wenye kanzu safi, na hilo ni aibu. Tutarudi na zetu. Mama hatapakua. Sharti hilo liliwekwa na Baba, wala sikumsaidia! Bi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa swala ukifika anatoka kuswali. Baba aliikumbuka hadithi hiyo mwenyewe, na mimi nikanyamaza nisiharibu.

Swala. Tukifika tu, kabla ya mpira, tunatandika mikeka na kujua kibla. Kutoka Machakos kibla ni kaskazini, kidogo sana kuelekea mashariki, hakuna haja ya kubishana kwa nusu saa kila mtu na simu yake. Maji ya udhu tunabeba kwenye dumu, na mtoto yeyote anatawadha kwenye dumu. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyoambiwa yule mdogo wangu, na anaijua kama Fatiha. Adhana ikilia tunaswali, chakula kitangoje. Alasiri tunaiswali hapo hapo kisha tunaanza kukunja, magharibi itukute nyumbani.

Mvua. Miaka hii Idd inaangukia Machi, na masika yanakaribia. Mwaka 2024 ilikuwa Aprili 10, na wiki zile nchi nzima ilikuwa inazama. Kama mbingu zimefunga asubuhi, hatuendi, tunahamia Jumapili inayofuata. Nimewaahidi watoto hivyo kwa kutaja siku, maana ukimwambia mtoto "siku nyingine" anajua umemdanganya.

Pesa, sitasema mengi. Mwaka jana nyingi ziliisha kwa soda na michezo ya watoto. Mwaka huu kila mtoto atapewa kiasi chake mkononi asubuhi, akimaliza amemaliza. Na wiki moja kabla, mmoja wetu atapita pale bustanini aulize mlangoni kama kuna ada, kama kuna tamasha siku hiyo, na choo kipi kinafanya kazi.

Sasa lile kubwa. Tumechukua karatasi, tumeigawa saa kwa saa, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi. Mbele ya kila saa kuna majina mawili, mmoja wa watoto wadogo na mmoja wa ukingoni. Aliyeandikwa hachezi mpira, hapigi picha, hashiki simu. Saa yake ikiisha haondoki kimya kimya. Anamwendea wa pili, anamshika mtoto mkono na kuuweka kwenye mkono wa mwenzake, na anasema, "Amana." Na yule anajibu, "Nimepokea." Shangazi alisema ni mambo ya askari. Baba akamwambia mwaka jana hatukuwa askari.

Jina la Mama halimo kwenye karatasi ile, hata saa moja. Alilitafuta mwenyewe, akapitisha kidole juu mpaka chini, akauliza kama tumemsahau. Akaambiwa hapana. Basi akauliza atakuwa anafanya nini hizo saa zote. Hakuna aliyekuwa na jibu, mpaka Susu akasema, "Utakaa na mimi, tutazame maji."

Karatasi imebandikwa kwenye mlango wa jikoni. Saa nane mpaka saa tisa, ile saa ya mwaka jana, nimeomba iwe yangu. Mkipita Idd pili mkaniona nimesimama peke yangu ukingoni mwa Maruba na kanzu, nimeshika mkono wa mtoto, msiniite kwenye mpira. Piteni kwa Baba, chai itakuwepo.